Bati Ambalo Halikutundikwa

Idjwi, Jumanne asubuhi

Baba yangu mpendwa,

Tangu nilipokabidhiwa nyumba hii nimekuwa nikijiuliza swali moja, na leo linanitisha kuliko siku zote: je, mtu anaweza kumpokea mgeni kama ndugu na papo hapo kumweka kwenye orodha kama mzigo? Nilidhani nimepata jibu. Sasa sina hakika hata kama swali lenyewe nililiuliza sawasawa.

Unisamehe kwa kutanguliza hayo kabla ya salamu. Hujambo, Baba? Mguu wako unakuruhusu kufika shuleni? Mama anaendeleaje na kifua chake, hasa asubuhi hizi za ukungu wa Lualaba? Mimi mwili wangu mzima. Nakuomba tu uisome barua hii peke yako kwanza, kwa sababu ina habari za wana wa Shangazi Zaina, dada yako wa Lusangi, na wewe ndiye utakayemfikishia.

Kazi yangu nilikueleza kidogo tu. Wazungu wa Bukavu wenye mashua za tanga za starehe huja kisiwani kupumzika, nao hulala katika nyumba za wenye mashamba ya kahawa. Mabaharia wao, watu weusi kama sisi, walikuwa wakilala juu ya mbao zilizolowa, au chini ya vibanda vya kuanikia kahawa. Ndipo wenye mashua walipokubaliana kujenga nyumba ya matofali karibu na gati: vitanda kumi na viwili, maharage na ndizi jioni, kwa bei ambayo baharia anaweza kuilipa na bado akatuma kitu kwao. Wakanichagua mimi niisimamie kwa kuwa nimesoma. Miaka yangu ya chuo kikuu haikutosha kunipa cheti, lakini ilitosha kunipa funguo.

Utaratibu wetu ni rahisi. Kila baharia ana kipande cha bati chenye namba. Akilala kwetu, hukitundika kwenye ubao mlangoni. Alfajiri, mashua inapotaka kuondoka, hutumwa mtu mmoja kuja kukusanya wenzake. Bati likiwepo, mwenyewe yuko ndani. Lisipokuwepo, na mashuani hayupo, basi ni kumtafuta majini. Ziwa hili halichezewi. Upepo hushuka kutoka milimani ghafla, na maji ambayo mtu alikuwa akijitazama ndani yake huwa kitu kingine kabisa.

Jumamosi jioni ilitia nanga mashua wanayofanyia kazi wana wa Shangazi, Sumaili na mdogo wake Amisi. Unakumbuka ni mimi niliyewaandikia waje, nikisema kazi ipo. Walikuwa watatu: Sumaili kwenye usukani, Amisi, na mzee mmoja wa Bukavu tunayemwita Papa Lukas. Bwana wao alikuwa Kisenyi, kaskazini mwa ziwa, nao walipaswa kumfuata Jumapili. Usiku Amisi alikuja nchi kavu peke yake kwa mtumbwi wa mvuvi, akitetemeka kwa homa. Wenzake walikuwa wamekwisha lala, wala hakuwaamsha.

Nikanyoosha mkono nipokee bati lake. Akalificha mgongoni.

“Dada, weye! Mimi binamu yako, unataka kunitundika ku musumari kama nyama?”

“Ni sheria ya nyumba, Amisi. Lete.”

“Watu wa Kasongo! Mumesoma mupaka mumesahau salamu. Kwetu hawahesabu mutu mwenye kulala. Ni wafu wenye wanahesabiwa. Unataka nikufe?”

“Wewe hutakufa. Wavivu ndio wanaishi sana.”

“Basi unipe chai, nizeeke.”

Nilicheka, Baba. Nilicheka kwa sababu tangu nifike hapa hakuna aliyenitania kwa haki ya ubinamu, na kwa sababu nilimkumbuka Bibi, ambaye hakukubali tuhesabiwe tulipoizunguka sahani, akisema tu, “Wametosha.” Nikamwambia abaki na bati lake. Nikampa kwinini na chai. Sikumlaza ukumbini pamoja na wengine; nilimtandikia ghalani, katikati ya magunia ya maharage, mahali penye joto, nikafunga mlango ili kelele za mabaharia zisimwamshe. Kila nililolitenda lilikuwa la kumtunza. Nimelipima jambo hili mara nyingi, na bado naona hivyo, na bado halinisaidii.

Kulipopambazuka nilikwenda zahanati kuomba kwinini zaidi. Mabaharia wote wa ukumbini walikuwa wameshuka gatini. Nyuma yangu alifika Papa Lukas. Mama Feza, mpishi wetu, alikuwa ndiyo kwanza ameingia kutoka kwake. Sikuwa nimemwambia lolote. Nimemwuliza kila neno lililosemwa, naye amelirudia bila kubadilisha.

“Mama, kijana wetu Amisi iko hapa?”

“Bati yake haiko. Kama bati haiko, mutu haiko.”

“Umeangalia ndani?”

“Vitanda vyote viko wazi, Papa. Ingia uone na macho yako.”

Aliingia, akaona ukumbi mtupu, akatoka mbio. Hakuna aliyefikiria ghala. Niliporudi, mashua ilikuwa imeng'oa nanga. Nilisimama gatini nikipunga kitambaa changu cha kichwa na kuita mpaka sauti ikakauka. Kabla ya adhuhuri dhoruba ilishuka, ikatufungia milango hadi alasiri. Tangu hapo mashua hiyo haijaonekana. Leo ni siku ya tatu.

Mvuvi mmoja aliiona kabla ya upepo. Anasema tanga lilikuwa limeshushwa, wanakwenda polepole karibu na matete, na mtu mmoja amesimama mbele akitazama chini majini. Nikamwuliza alikuwa anatafuta nini. “Mama, mimi nitajua je? Pengine alitafuta mutu. Pengine aliogopa mawe tu, pale mawe iko mingi.”

Chuoni walitufundisha kutofautisha kilichotangulia na kilichosababisha. Ikiwa Sumaili alikuwa njiani kwenda Kisenyi kama alivyoamriwa, dhoruba ingemkuta hata kama bati lingetundikwa. Ikiwa alichelewa karibu na matete akitafuta mwili wa mdogo wake, basi ni mimi niliyemchelewesha. Nimeielemea hoja ya kwanza, kisha nikaishuku, kwa kuwa ndiyo inayonifaa. Pengine pia wamejificha katika ghuba fulani ng'ambo, wanakausha nguo na kututukana. Meli ya posta kutoka kaskazini hufika Alhamisi. Kabla ya hapo hatuwezi kujua. Lakini kila gogo linaloelea hunisimamisha, nami siku hizi nateka maji nikiwa nimeligeuzia ziwa mgongo.

Singekuandikia kabla ya Alhamisi kama si jambo moja. Mabaharia waliolala ukumbini wamekwisha fika Bukavu, na waliondoka wakisikia kwamba Amisi amezama. Bukavu imejaa watu wa kwetu, wa Kasongo na Kabambare. Uvumi huo utafika Lusangi, na Shangazi atamlilia mwana aliye hai. Kwa hiyo nakuomba uende mwenyewe, usitume mtu wa baiskeli. Mwambie Amisi yupo, homa imeshuka, nimemwona leo kwa macho yangu. Kuhusu Sumaili, mwambie Shangazi, na mwambie mke wake, kwamba alitoka Jumapili asubuhi na hatujapata habari. Wala usilifiche kosa langu. Nilifikiri kukuomba ulifiche, nikaona kwamba nikifanya hivyo sitaweza tena kula nyumbani kwao.

Nisalimie Mama, kaka mwalimu na mkewe, mama mkubwa anayeuza sabuni sokoni, na mdogo wangu wa mwisho, mwambie asiache masomo kwa sababu ya barua hii. Papa Lukas naye ana watu wake; tumwombee pia.

Meli ya Bukavu inaondoka saa sita, lazima nifunge. Amisi amekaa gatini tangu alfajiri. Hataki chai wala utani. Jana aliniuliza, “Dada, kaka alikuwa ananitafuta, ao alikuwa anakwenda tu kazi yake?” Wenye kulijua jibu ni wawili, nao wako majini. Na hata wakirudi wazima, Baba, sijui kama nitathubutu kumwuliza Sumaili.

Mimi binti yako, ninayekuwaza,
Josefina