Tumbo langu na jumba la upepo

Jumapili, Idi Pili

Bila mimi, Nangurukuru nzima leo isingekuwa na Idi. Hata kijana mwenye lile jumba la mpira la kujazwa upepo alinipa shikamoo mara mbili. Alijua huyu si mtu wa hivi hivi.

Mwajuma na Hamisi, watoto wa dada yangu Somoe, walikuwa ndani wanaruka. Nikaingia. Mle kuna tundu la kutambaa mpaka kwenye mtelezo. Kichwa kikapita, mabega yakapita, tumbo likakataa. Mbele siendi, nyuma sirudi, na joto lile, na kanzu mpya!

"Mjomba, sogea tupite!" Mwajuma huyo, nyuma yangu.

"Napumzika."

"Hapumziki, amenasa!" Hamisi akapiga kelele. Foleni nzima ikacheka.

Yule kijana akasema, "Mzee, nizime mashine, jumba lilale, ndiyo utoke." Watoto wakaanza kulia, maana zamu yao ingeishia hapo kwa ajili yangu. Nikapaza sauti, "Usizime! Nivuteni!" Wakanivuta miguu, watoto kama hamsini, mpaka kanzu ikachanika kwapani.

Jioni Somoe akauliza nilifuata nini mle. Nikamwambia Hamisi alikuwa analia, nikaenda kumwokoa. Hamisi akanitazama tu. Ana miaka sita, na amenisitiri.

Hakulia. Ni mimi niliyetaka kuteleza.