Hina ya Alhamisi Kuu

Jumapili, 29 Machi
Matawi nimepanga, vitambaa vya madhabahu nimepiga pasi kama kila mwaka. Hakuna aliyesema ahsante. Tangu Mama Neema aniangushe kwenye uchaguzi wa kina mama, mimi ni hewa. Miaka yote waliniita Mwenyekiti, hata mume wangu nyumbani. Leo msichana mmoja ameniita "yule mama". Nimeumia. Kama si mwenyekiti, mimi ni nani?

Lakini Mungu si Athumani. Mchungaji ametangaza: Alhamisi Kuu Baba Askofu atakuja kuosha miguu ya watu kumi na wawili. Nimo. Mama Neema hayumo. Nimerudi nyumbani Ganjoni nikiimba.

Jumatatu, 30 Machi
Nimeikagua miguu yangu. Aibu. Visigino vimepasuka. Siwezi kumkabidhi askofu kitu kama hiki. Nimesugua kwa jiwe mpaka mume wangu akauliza kama nakuna nazi.

Jumanne, 31 Machi
Nimekwenda Mji wa Kale kwa Bi Zuhura, apambaye maharusi. Nikamwambia nataka maua mpaka kwenye vifundo, na ukingo wa nyayo pia. Akanitazama.

"Mwanangu, waolewa tena? Na Baba Baraka je?"

Nikamweleza ni mambo ya kanisa. Akasema hakujua kanisani kuna mambo mazuri hivyo. Amenichora kwa piko, ile hina nyeusi. Miguu ya bibi harusi! Mama Neema atajua hajui.

Jumatano, 1 Aprili
Mvua. Sikutoka. Nimefanya mazoezi ya kuvua viatu kwa unyenyekevu. Kazi ngumu. Ukivua haraka, watasema una hamu ya kuonekana. Ukivua polepole, watasema unaringa. Nimechagua polepole.

Alhamisi Kuu, 2 Aprili
Mchana. Nimegundua mikono imepauka kuliko miguu, nayo itakuwa magotini, watu wataiona. Mbio kwa Bi Zuhura. Amenipaka piko viganjani na vidoleni, ikakauka, akaibandua. "Usiguse maji mpaka kesho." Nikamwambia asijali, ni miguu tu itakayooshwa.

Jioni. Nimetoka kanisani sasa hivi.

Baba Askofu alihubiri kwamba Yesu aliweza kuinama kwa sababu alijua yeye ni nani, hakungoja kuambiwa na watu. Maneno mazuri. Nikawaombea wale yaliyowahusu.

Kisha akatuita sote kumi na wawili. Nikavua viatu, polepole. Akatugawia taulo na mabeseni. Mwaka huu, akasema, ninyi ndio mtakaoosha. Kila mmoja amwoshe aliyekaa nyuma yake.

Nyuma yangu: Mama Neema. Ametoka moja kwa moja kukaanga samaki Majengo, matope ya mvua mpaka vifundoni.

Nikapiga magoti. Nyayo zangu zikamgeukia askofu na kwaya, maua na ukingo na vyote. Kwaya ikaanza kucheka kabla ya kuimba.

Maji yakawa meusi. Nikasema moyoni, huyu ndiye waliyemchagua, na haogi! Nikasugua. Yakazidi. Nikaomba maji mengine. Nayo yakawa meusi. Nikasugua kwa hasira, Mungu anisamehe, kwa furaha pia.

Mama Neema akaniinamia sikioni. "Mama Baraka, dada yangu, matope yangu yaliisha zamani. Hebu tazama mikono yako."

Piko. Ilikuwa inatiririka vidoleni mwangu.

Nikangoja aseme kwa sauti, wote wasikie. Mimi ningesema. Hakusema. Akaishika mikono yangu, akaitia kwenye beseni, akaniosha kidole kimoja kimoja, kisha akanifuta kwa leso yake mwenyewe. Nikalia. Watu wakadhani ni Roho.

Labda hawakukosea sana.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili
Nimemweleza mume wangu yote. Amecheka mpaka akapaliwa. Nikakasirika. Halafu nikakumbuka sura ya askofu alipoona nyayo zangu, nikacheka nami.

Pasaka, 5 Aprili
Nimekaa viti vya nyuma. Si unyenyekevu, nilichelewa. Mama Neema akasogea, akanipa nafasi. Mkono wangu una madoa bado, akautazama, akabana kicheko.

Upande wa pili alikaa mgeni. Akaniuliza naitwa nani. Nikangoja cheo kije mdomoni, hakikuja, wala sikukitafuta. Nikamwambia naitwa Esta. Akasema yeye ni Rehema. Hakuwa na kitabu cha nyimbo, tukatumia changu.