Rangi Nyekundu Kwenye Mshipa wa Mama

...na hapo ndipo ninapochanganyikiwa kabisa, kwa sababu mshipa ni uleule, mama ni yuleyule, kompyuta ni ileile, ila rangi imebadilika.

Leo ni Jumamosi, na baridi ya Songea imeamua kunifundisha adabu. Sisi tuliokulia Nalasi, kwenye mikorosho na jua, hatukuambiwa kwamba mkoa huuhuu una mahali ambapo mtu anaamka mwezi wa sita na kuona moshi ukitoka mdomoni mwake. Nimevaa sweta la mume wangu. Mume wangu! Bado naliandika neno hilo polepole, kama mtu anayeonja asali kwa ncha ya kidole. Sweta linanukia yeye, na sijalifua makusudi.

Nimekuja kuandika hapa kwenye blogu yangu kwa sababu cherehani leo imenishinda. Nimeshona mkono wa kushoto wa gauni la mteja upande wa kulia, nikaufumua, nikaushona tena palepale. Nikaona bora niache kabla sijaharibu kitambaa cha watu.

Ngoja nianze vizuri.

Mama mkwe wangu anaishi Peramiho na wifi yangu Oliva. Kwenye harusi yetu, wiki chache baada ya Pasaka, mama alicheza ngoma yetu ya lizombe mpaka vijana wakampisha uwanja. Nilikuwa nimekaa pale mbele na shela langu, nikijiambia kwamba nimeolewa na mwanamume ninayempenda na juu yake nimepewa mama wa namna hii. Siku zile zote nilihisi natembea juu ya pamba.

Kisha mama akaanza kuumwa kichwa upande mmoja. Dawa za duka hazikusaidia. Akapelekwa hospitali, hospitali ikampeleka Dar, huko akapigwa picha za kichwa. Wakamwambia mshipa mmoja wa damu ndani ya ubongo umetoa kifuko kidogo, kama tyubu ya baiskeli inavyotoa kinundu pale ilipochoka. Huenda kifuko hicho hakihusiani hata na maumivu yale. Kinaweza kukaa hivyo miaka yote. Kinaweza pia kupasuka. Kukiziba kuna hatari yake na kukiacha kuna hatari yake. Daktari akasema waende nyumbani wakazungumze, mama mwenyewe aamue, na mwisho wa mwezi huu arudi na jibu.

Wakarudi na dawa, na picha kwenye CD.

Sasa, mume wangu Festo ni mhandisi wa mabomba ya maji. Kabla bomba halijafukiwa, yeye hulijaribu kwanza ndani ya kompyuta: anaweka presha ya maji, anaangalia ukuta wa bomba unavutika wapi na utachoka wapi. Alipoishika ile CD akaniambia kwamba mshipa nao ni bomba, ila ni bomba laini. Ana rafiki wa chuo anayesomea mambo ya mishipa nje ya nchi. Rafiki akamwelekeza programu za bure, na Festo akaanza kuujenga mshipa wa mama kutoka kwenye picha, kila siku akitoka kazini, hata viatu hajavua.

Nilimpenda zaidi. Lazima niseme. Nilikuwa namletea chai, nasimama nyuma ya kiti chake, nayaangalia yale masikio yake yanayowaka akiwa na mawazo. Sikuelewa kitu, lakini nilielewa kwamba huyu ni mtu anayemtafuta mama yake ndani ya kompyuta.

Jumanne mshipa ukapiga kwa mara ya kwanza. Pale kwenye skrini palikuwa na kitu kama tawi, na kwenye panda ya tawi kifuko, na kifuko kinajaa, kinashuka, kinajaa, kinashuka, kama kidari cha kifaranga. Na rangi zake! Buluu ni pale ukuta ulipotulia. Njano ni pale unapovutika. Juu kabisa ya kifuko palikuwa pekundu, pekundu kama pilipili iliyoiva.

Festo akaenda kuoga. Mimi nikachukua simu yangu nikairekodi ile video, nikaituma kwenye kundi la ukoo wao. Chini yake nikaandika: "Mume wangu jembe! Huu ni mshipa wa mama yetu." Na mioyo.

Ndiyo. Mioyo. Myekundu nayo.

Naomba mnielewe. Mtu aliyeolewa juzi ana ugonjwa wake. Akipika mumewe akala, anataka dunia ijue. Nilidhani wataona akili ya Festo. Sikufikiria hata kidogo kwamba wataona mauti ya mama.

Jumatano asubuhi wifi Oliva akapiga. Hakusalimia. Akasema, "Wifi, mumeo ametuchorea kaburi, tena kwa rangi. Wewe ukapiga na vigelegele."

Kumbe video ilikuwa imeshazunguka kwa shangazi na wajomba wote. Mama ameiona kwa macho yake mwenyewe, kwenye simu ya jirani yenye kioo kikubwa. Wakamnyang'anya mahindi aliyokuwa anapukuchua. Wakamkataza kuinama, kubeba maji, kukohoa kwa nguvu, kuimba kwaya. Wakamkataza kucheka. Alhamisi akajifunga kitenge chake cha sikukuu, akalala kitandani, akaomba aitwe padri ampe mpako wa wagonjwa. Padri akaja.

Yaani mama aliyecheza lizombe mpaka vijana wakampisha, leo hapukuchui hindi, kwa sababu ya vidole vyangu.

Festo nilimweleza yote jioni ileile ya Jumatano. Hakugombeza. Ingekuwa afadhali angegombeza. Alisema tu kwamba ule mwendo wa kifuko alikuwa ameukuza kusudi ili jicho liuone, mshipa wa kweli hausogei hivyo. Nikamwambia basi apige simu kwa mama aseme hivyo. Akasema ndiyo, atapiga.

Hakupiga. Alhamisi hakupiga. Jana hakupiga. Alirudi kutoka kazini, akakaa kwenye kompyuta, na kwa mara ya kwanza katika ndoa hii sahani niliyompakulia ikarudi jikoni na chakula chake.

Ni jana ndipo nilipoona jambo ambalo mpaka sasa linanizunguka kichwani. Nilisimama nyuma yake kama kawaida. Kulikuwa na namba moja kwenye kisanduku kidogo. Akaifuta, akaandika kubwa kidogo, akasubiri. Wekundu ukapungua. Akaongeza tena. Njano. Akaongeza tena. Kifuko chote kikawa buluu, buluu ya amani kama joho la Bikira Maria kanisani. Akavuta pumzi, akaegemea kiti.

Nikamwuliza ile namba ni ya nini. Akasema ni unene wa ukuta wa mshipa. Nikafurahi, nikauliza kwa hiyo amepata unene wa kweli? Akatikisa kichwa. Akasema bomba lake analipima kwa kifaa, analishika mkononi, lakini picha za mama zinaonyesha damu inapopita, ukuta wenyewe hauonekani vizuri. Kwa hiyo unene anauweka yeye. Ulaini nao anauchukua kwenye vipimo vya mishipa ya watu wengine. Akiweka ukuta mwembamba, nyekundu. Akiweka mnene, buluu.

"Sasa ipi ni ya mama?" nikamwuliza.

"Sijui," akasema. "Sijui, mke wangu."

Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne. Kwenye Baiolojia moyo ulikuwa na vyumba vinne na mishipa ilichorwa kwa rangi mbili, mwalimu akasema tunakili, tukanakili. Hakuna aliyetuambia kwamba rangi inaweza kubadilika kwa mtu kuandika namba. Mimi kitambaa nakijua kwa kukishika. Nikivuta kiuno cha sketi najua lastiki imechoka au bado. Mshipa wa mama hakuna aliyeushika.

Na nilipomwona akiongeza unene kidogo kidogo mpaka wekundu ukaisha, nilijiuliza: huyu anapiga hesabu au anasali?

Leo asubuhi, baada ya ule mkono wa gauni, nikaona hapana. Kama ni mimi niliyelitupa jiwe, ni mimi nitakayelifuata. Nikampigia mama.

Kwanza shikamoo, kisha habari za baridi, kisha habari za mahindi, maana kwa mama mkwe huingii na neno zito kama unayeingia mlangoni na gunia. Alikuwa anajibu kwa sauti ndogo, sauti ya mtu aliyebeba ndoo iliyojaa na hataki tone limwagike. Aliniita mkamwana wake, kama siku zote. Hilo ndilo lililoniliza.

Nikamwambia nilikosea kuituma ile video. Nikamwambia umbo la mshipa ni lake, lakini unene wa ukuta Festo ameuweka kwa kukisia, na kuna nyingine amezitengeneza ambazo ni njano, na nyingine ni buluu tupu. Nilieleza vibaya, narudi nyuma, naruka, nikaleta na habari za lastiki za sketi. Nilisikia kuku wa kwao.

"Kwa hiyo hajui?" mama akauliza.

"Hajui, mama."

"Festo hajui?"

"Hajui. Na anaogopa. Ndiyo maana hapigi."

Mama akacheka. Alianza kidogo, kama anayejaribu kama inaruhusiwa, kisha akacheka kile kicheko chake cha harusini. Nyuma yake nikamsikia wifi Oliva akipiga kelele, mama usicheke, mama kichwa, na mama akamjibu amwache acheke, kicheko chenyewe kimelala siku zote hizi.

Kisha akaniambia hivi, na nayaandika ili nisiyasahau. "Nilijua mwanangu ameiona siku yangu kwenye mashine, ameshindwa kuniambia. Nikaanza kumwogopa. Mtoto niliyemzaa, nikisikia simu inalia natamani isiwe yeye. Sasa kama hajui, basi bado ni Festo wangu."

Nikamwuliza tufanye nini. Nilitegemea atasema ile kompyuta tuitupe mtoni. Hapana. Akasema tumemwonyesha moja, sasa anataka zote. Nyekundu, njano, buluu, zote, azione Festo akiwa amekaa pembeni yake na mdomo wake mwenyewe ukieleza. Kisha ndipo atajua amwulize nini daktari, na atakwenda Dar na jibu lake, la ndiyo au la hapana, lakini haendi na hofu ya kuletewa kwenye simu. Akaongeza kwamba Festo aje na tumbo tupu, maana yeye mama anarudi kwenye mahindi yake sasa hivi na Oliva atake asitake.

Festo alikuwa uani anapiga viatu rangi, viatu vilevile alivyovipiga jana. Nikamweleza. Alisimamisha brashi.

"Alicheka?"

"Alicheka."

Akakaa chini pale kwenye ngazi, nami nikakaa pembeni yake, akaweka kichwa chake kwenye mapaja yangu, mchana kweupe, majirani wa mtaa wetu wa Msamala wanapita. Sikumwambia ainuke. Baadaye akaingia ndani akampigia mama, akafunga mlango, na mimi nikabaki nje na kiatu kimoja kinachong'aa.

Bado sielewi. Nitakuwa mwongo nikiandika kwamba sasa nimeelewa. Kuna kifuko kwenye kichwa cha mama ninayempenda, na mtu mwenye akili kuliko wote ninaowajua ameshindwa kuniambia ukuta wake ni mwembamba au mnene. Nilidhani ukiolewa na mtu anayejua, na wewe unapata kujua. Kumbe unapata mtu wa kutojua naye. Je, hilo linatosha? Leo, nikiwa ndani ya sweta hili, nahisi karibu linatosha.

Sasa hivi anapanga zile picha, kuanzia ukuta mwembamba mpaka mnene. Ile nyekundu hakuifuta. Niliangalia.

Wifi Oliva, najua unasoma hapa hata kama umeninunia. Mwambie mama aweke maharage jikoni na asimpe mtu mwingine kiti cha dirishani. Kabla mwezi haujaisha tutakuwa mlangoni kwenu Peramiho, mimi na kaka yako na kompyuta yake. Na simu yangu utaishika wewe mpaka tuondoke.