Kidirisha cha Mama Mkwe

Mjukuu wangu Bhoke,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Nyamwaga tu wazima, migomba imezaa, na babu yako Mwita bado anabishana na redio.

Umeuliza tuibomoe nyumba ya zamani au tuikarabati, nawe ndiwe unayesomea ujenzi! Nikusimulie yaliyonipata nikiwa mkamwana mgeni hapa.

Nyumba hiyo ilikuwa ya mama mkwe wangu. Paa lilivuja, babu yako akamleta fundi kutoka Bomani. Fundi akasema kidirisha cha nyuma kizibwe, kimekaa vibaya.  Mama mkwe alikusanya vyombo vyake akahamia jikoni, na siku tatu hakula nasi.

Niliona haya kusema mbele ya wanaume, lakini nilikwenda nikaketi kwenye kigoda chake alichokiacha kando ya kidirisha, penye makapi ya ulezi. Kupitia kidirisha kile niliona zizi lote, hadi ndama wa mwisho.

"Fundi," nikaita, "njoo ukae hapa."

Akakaa, akatazama, akacheka. "Kumbe mama anachambua ulezi huku anachunga ng'ombe!"

Basi akakipanua kidirisha, akaziacha kuta za udongo, akaezeka paa jipya lenye upenu mpana. Ndiyo maana hadi leo kuta hazilowi, na mchana ndani kuna ubaridi mzuri.

Kwa hiyo njoo uikarabati, mama. Ila kabla ya kutoa futi yako ya kupimia, kaa kwanza humo ndani.

Na jioni ya siku ile fundi alipokaa kwenye kigoda, mama mkwe alirudi mezani, akaninawisha mikono mwenyewe. Hakuniita tena mke wa Mwita. Aliniita mwanangu.

Bibi yako,
Robi