Mawese kwenye Fidla ya Marehemu

Alhamisi, Ujiji

Kumbe mimi ndiye niliyeiziba sauti. Tangu mume wangu afariki, kila Ijumaa naipaka fidla yake mawese ing'ae, na zile nywele za upinde wake nazipaka pia, kama mtu anavyompaka mtoto kichwani. Nilidhani naitunza.

Jumamosi binti yetu Zuhura anapiga na kundi la taarabu kwa mara ya kwanza, na fidla haitoi hata mlio. Leo tumeipeleka kwa Mzee Hamisi, fundi wa kule Katonga.

Mzee akachungulia ndani kwa tochi. Akasema ile karatasi ya ndani yenye jina la fundi mkubwa wa zamani ni ya kubandikwa tu, fidla ni ya kiwandani, zilitoka nyingi mno. Marehemu aliringia sana karatasi ile.

"Lakini ubao wenyewe si wa kubabaisha, mama. Huu umechongwa, na sauti imo. Ila upinde umelowa mafuta, unateleza tu juu ya nyuzi. Nani kaupaka?"

Nikainamisha kichwa. Zuhura akawahi kujibu, "Mimi, babu. Ujinga wangu."

Kumbe alijua siku zote kuwa naupaka mimi, asiniambie.

Kesho mzee anaweka nywele mpya. Tumerudi, nimempikia mwanangu samaki, migebuka anayoipenda, nikamwongezea na kipande changu, lakini asante yenyewe haijanitoka mdomoni. Asubuhi, kabla hajatoka, nitamwambia.