Vifungo vya Sare

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Watoto ni wazima, na ile cherehani iliyokuwa ikikata uzi imeshatengenezwa. Duka la ushonaji sasa analiendesha fundi wangu mkuu. Mimi naingia saa nne, natoka saa nane. Shemeji yako anadhani naumwa.

Siumwi. Najionea kinyaa.

Unanijua nilivyokuwa: kupima mimi, kukata mimi, hata kupiga pasi mimi, huku mafundi watatu wamekaa wananitazama. Siku ile hospitalini nilikaa kando ya kitanda cha Mama, simu sikioni, nikimwelekeza fundi namna ya kushona vifungo vya sare za shule. Mama akafumbua macho, akanishika mkono, akaanza kusema kitu. Nikamwinulia kidole kwamba angoje kwanza, nikaendelea kufoka.

"Lakini bosi," fundi akanijibu taratibu, "vifungo tulimaliza tangu asubuhi. Sare zimeshachukuliwa."

Nilipokata simu, Mama alikuwa amelala tena. Hakuamka.

Uliponipigia kuuliza maneno yake ya mwisho, nilikwambia alikuombea heri. Ukalia, ukanishukuru, nami nikazipokea shukrani zako. Kinyaa changu kinaanzia hapo. Nilitunga, dada. Alichotaka kusema sikijui, na kumsemea kulikuwa kumziba mdomo mara ya pili.

Usinijibu upesi. Kasirika kwanza.

Mdogo wako