Kodiani Kwenye Ukuta wa Jua

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituo cha polisi, Maseru, Jumatatu tarehe 14 Julai 2014

Jina: Nthatisi Sekhesa
Umri: Miaka 34
Kazi: Mpiga ngoma na mwimbaji wa mtaani
Makazi: Ha Thetsane, Maseru

Mimi ni mjane wa Tsekiso Sekhesa, aliyekuwa mpiga kodiani. Tulikuwa tukipiga muziki pamoja barabarani. Majira ya baridi tulipiga kwenye ukuta wa duka la mablanketi karibu na stendi, kwa sababu ukuta ule unapata jua mapema. Penye kivuli vidole vya mpiga kodiani hufa ganzi.

Mnamo tarehe 12 Julai, Jumamosi, saa nne asubuhi hivi, tulikuwa tumeshapiga nyimbo mbili na watu walikuwa wamejaa. Walikuja wanaume watatu wenye mablanketi na kofia za kuziba uso, macho tu yakionekana. Mmoja alibeba kodiani. Wawili walikuwa na fimbo. Aliyetangulia alimwambia mume wangu kwamba kuanzia siku hiyo ukuta ule ni wa kundi lao, afunge mizigo.

Sauti ile niliijua. Mume wangu naye aliijua. Alicheka, akamwambia: "Shemeji, jua hili umelinunua lini?"

Watu walicheka. Walidhani ni utani wa barabarani tu. Yule mtu alimpiga mume wangu fimbo ya shingo, mume wangu akapiga magoti, kodiani ikiwa bado kifuani. Mwenzake alimpiga mkono wa kulia mara nyingi, nikasikia mifupa ikivunjika. Wa tatu, mwenye kodiani, alirudi nyuma na hakumgusa mtu.

Niliokota tofali tuliloegeshea ngoma. Nilikusudia kumpiga kichwani yule aliyetangulia, nasema kweli. Nilimpata mwenzake mdomoni, akaanguka akitema meno. Aliyetangulia akanisukuma ukutani, akasema: "Kaa pembeni, dada. Wewe sina neno nawe."

Kisha akatoa kisu chini ya blanketi. Kifua cha mume wangu kilikuwa kimezibwa na kodiani, kwa hiyo alimchoma kwapani, akakichomoa, akamchoma tena. Mume wangu alilalia kodiani yake, nayo ikatoa mlio mrefu hadi hewa ikaisha. Watu walikuwa wamekimbia. Nilivua shali nikaliziba jeraha nalo, shali likalowa damu. Aliniuliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana. Alifia kwenye gari kabla hatujafika hospitali.

Jana, Jumapili, mama yangu mzazi alikuja kwangu. Hakuniuliza habari za mazishi. Alikaa chini, akasema: "Mwanangu, sema alikuwa amejifunika. Baridi ilikuwa kali, kila mtu alikuwa amejifunika. Huo si uongo."

Nilimpa chai. Hakuinywa.

Ni kweli alikuwa amejifunika. Wote waliokuwa pale watawaambia hawakuona uso, nao hawatakosea. Lakini mtu yule ni Lebusa Ramokoena, mdogo wangu wa tumbo moja. Nilimbeba mgongoni mama alipokuwa akienda kufulia watu nguo. Sauti yake naijua tangu haijawa nzito. Wale wawili siwafahamu. Tangu arudi kutoka migodini alikuwa hafiki kwetu, na sijui aliko sasa.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Sikulazimishwa na mtu, na nitayarudia mbele ya hakimu, hata mama akiwapo.

Sahihi: N. Sekhesa

Maandishi ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, akayakubali na kutia sahihi mbele yangu. Mama yake alikuwa akimsubiri barazani. Shahidi aliomba kupitishwa mlango wa nyuma, nikamruhusu.
Sajini Thakane Mohlomi